Hawah Alivyoitia Kompyuta Akili

Watu wa Koboko waliokuwa na shida ya barua walikuwa na njia mbili: waandike wenyewe kwa kalamu wakachekwe ofisini, au waende kwa Hawah Sulemani wachekwe palepale barazani, kisha barua itoke safi. Wengi walichagua njia ya pili. Hawah alimsikiliza mteja hadi mwisho, akatazama juu, akasema, "Yaani maneno yote haya, na kumbe unataka kusema tu ng'ombe ya jirani imekula muhogo yako?" Halafu vidole kumi vikaanza kukimbia juu ya taipureta, na mteja akabaki kuangalia masaibu yake yakigeuka kuwa Kiingereza cha serikali.

Alizaliwa Arua mwaka 1955, katika familia ya Wanubi, wale Waislamu wa mjini ambao babu zao walikuja na jeshi kutoka Sudan. Baba yake, Sajenti Sulemani, alimfundisha mambo mawili: kuswali kwa wakati, na kutomwamini mtu asiye na karatasi. La pili ndilo lililomwingia zaidi. Akajifunza kupiga chapa, akaajiriwa katika ofisi moja pale mjini. Mwaka 1979, serikali ilipoanguka na Arua nzima ikaanza kukimbilia mpakani, watu walibeba magodoro, mbuzi, baiskeli na mashine za cherehani. Hawah alibeba taipureta ya ofisi. Aliitembeza kichwani kupitia Koboko mpaka ndani ya Sudan, shingo ikavimba mwezi mzima.

Baadaye watu walimuuliza kama huo haukuwa wizi.

"Ofisi ilikimbia mbele yangu," alijibu. "Mimi nilibeba tu kitu ilisahau."

Miaka saba aliishi kambini karibu na Yei akiwaandikia wakimbizi maombi ya mahema, ya dawa, ya mbegu, na mara moja ombi la talaka. La talaka lilikuwa lake. Vita vya Sudan vilipowasukuma kurudi nyumbani, mume alibaki Juba na mke mwingine, jambo ambalo Hawah alilitaja kwa sauti ile ile ambayo watu husemea kwamba mvua imekatika. Nyumba ya familia pale Arua ilikwisha kuingiwa na watu wengine, kwa hiyo akashukia Koboko, kwa dada yake Hajara aliyekuwa akiuza chai na mandazi. Wakagawana baraza moja. Upande mmoja chai, upande wa pili taipureta.

Kompyuta ilimjia mwaka 1997. Mwaka ule waasi walikuwa wakizungukazunguka mpakani, na shirika moja la misaada lililokuwa na ofisi Koboko likaamua kufunga na kuondoka. Hawah alikuwa amewapigia chapa matangazo yao ya Kiswahili kwa muda mrefu, na meneja wao alipokuwa akipakia gari alimwachia kompyuta, printa na sanduku la vitabu. Ila kabla ya kumpa walifuta kila kitu kilichokuwamo ndani ya mashine. Kwa usalama, walisema, kana kwamba waasi wangetoka porini kutafuta orodha ya mablanketi.

Alimwita Yugu, fundi wa redio, ambaye karakana yake ilikuwa nyuma ya baraza lao. Yugu alikuwa Mkakwa wa makamo, mpole, mwenye jenereta na subira, vitu viwili ambavyo Koboko vilikuwa adimu. Akaunganisha waya, akawasha. Kompyuta ikalia mara moja, feni ikazunguka, kisha maandishi meupe ya mstari mmoja yakatokea kwenye skrini nyeusi, yakatulia hapo.

"Iko mzima?" Hawah akauliza.

"Mwili iko mzima," Yugu akasema. "Lakini kichwa iko tupu. Inasema inatafuta mfumo, haioni."

"Mutu kama hiyo nilishaishi naye."

Yugu akacheka, kisha akamfafanulia. Kompyuta isiyo na mfumo, alisema, ni kama redio ambayo hakuna stesheni inayotangaza. Taa itawaka, kipaza sauti kitanguruma, lakini hakuna anayesema. Lazima mtu autie mfumo ndani yake kwanza, ndipo ijue kwamba ina kibodi, ina printa, na ina kazi ya kufanya.

Mtu wa kufanya hivyo, kila aliyeulizwa alisema, alikuwa Celestino wa Arua. Celestino alikuwa na shule ya kompyuta yenye mashine tano, na tai ambayo hakuivua hata jua la Februari. Hawah akapanda lori la tumbaku, akafika kwake na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mama, hiyo ni kazi ndogo," Celestino akamwambia. "Lete mashine hapa, niachie miezi miwili. Nitaweka ule mfumo ambao dunia yote natumia."

"Miezi miwili kwa kazi ndogo?"

"Kuna foleni, Mama."

Hawah akatazama. Ndani hakuwamo mteja hata mmoja, isipokuwa wanafunzi wanne wakigongagonga kibodi, na kwenye kona kulikuwa na kompyuta tatu zilizofunguliwa matumbo, zimebaki makopo. Akaaga kwa adabu akarudi Koboko. Mashine ikakaa chumbani, imefunikwa kitenge kama maiti ya heshima.

Sasa, katika lile sanduku la vitabu kulikuwa na kimoja kinene kama tofali, na Hajara alikuwa amekitumia wiki kadhaa kuzuia mlango wa jikoni usijifunge. Siku moja upepo ulikifunua, Hawah akaona kitu kinang'aa ndani ya jalada la nyuma. Ilikuwa CD kwenye mfuko wa plastiki, na juu yake picha ya ndege mweusi mwenye tumbo jeupe, ameketi na kutabasamu.

"Bata gani huyu ameshiba hivi?" Hajara akauliza.

"Siyo bata. Inaitwa pengwini. Rudisha hiki kitabu, tafuta jiwe ya mlango."

Akasoma. Kitabu kilisema kwamba kwenye CD ile kulikuwa na mfumo wa kompyuta uitwao Linux, ambao uliandikwa na watu wa nchi mbalimbali, wengi wao hawajawahi kuonana, kila mmoja akichangia kipande chake. Mtu yeyote aliruhusiwa kuutumia, kuunakili na kumgawia mwenzake. Hawah alisimama hapo akarudia sentensi mara mbili.

"Watu hawajuani, wamefanya kazi pamoja, na kazi ikaisha," akamwambia Hajara. "Huyu mwandishi hajawahi kukaa kwa kamati."

Lakini aliendelea. Wiki tatu alikisoma kati ya mteja na mteja, akipigia mistari kwa penseli, akinakili maagizo kwenye daftari. Mengi hakuyaelewa. Lakini alikuwa amezoea: kwa miaka ishirini alikuwa akipiga chapa sheria za ardhi, nazo pia hakuna aliyezielewa, na watu walishinda kesi.

Ugumu ulikuwa huu. Mashine yake haikuweza kuanza moja kwa moja kutoka kwenye CD. Ilihitaji kwanza kuwashwa kwa flopi, ile diski ndogo ya mraba, na flopi hiyo sharti itengenezwe kwenye kompyuta nyingine inayofanya kazi. Kompyuta nyingine zinazofanya kazi na zilizo wazi kwa umma zilikuwa kwa Celestino.

Akapanda tena lori la tumbaku. Safari hii alijiandikisha kama mwanafunzi wa somo moja.

Celestino alifurahi. Akamketisha kwenye mashine nzuri kuliko zote, akaanza mwanzo kabisa.

"Mama, hii hapa inaitwa panya."

"Naona. Nyumbani niko nao wengi."

Wanafunzi wakajizuia kucheka. Celestino akamwonyesha namna ya kumsukuma panya huku na kule, na Hawah akamsukuma kwa heshima kwa dakika kumi nzima. Kisha akauliza kama mwalimu anaweza kumfungulia ile skrini nyeusi ya kuandika amri.

"Ile ya zamani? Hakuna mutu natumia hiyo siku hizi."

"Hata mimi niko ya zamani. Tutaelewana."

Celestino akaifungua. Hawah akatoa daftari, akaingiza CD yake, akaweka flopi, akakunja mikono ya gauni na kuanza kupiga. Alipiga kwa vidole kumi, macho kwenye daftari, bila kuangalia kibodi hata mara moja, na kelele ya vile vitufe ikawafanya wanafunzi wote wanne waache viti vyao. Celestino mwenyewe, inafaa kusema, alipiga kwa vidole viwili na kwa tahadhari kubwa. Mashine ikauliza jina la faili, Hawah akajibu. Ikauliza flopi iko wapi, akajibu. Taa ya flopi ikawaka, ikakwaruza, ikazima. Akaweka flopi ya pili akarudia yale yale, maana kitabu kilionya kwamba flopi zina tabia ya kufa njiani.

"Umefanya nini kwa mashine yangu?" Celestino akauliza.

"Nimeomba moto tu, mwalimu. Jiko lako iko palepale."

Akazifunga flopi mbili ndani ya leso, akaziweka kifuani, akapanda lori. Alipofika Koboko, ya kwanza ilikuwa imeshakufa. Ya pili ilikuwa hai.

Kazi ilifanyika siku ya Jumamosi asubuhi katika karakana ya Yugu. Jenereta iliwekwa nje, na petroli ya kutoka ng'ambo ya mpaka ilimiminwa kupitia kitambaa ili mchanga ubaki nje. Hajara alileta chai akakaa, kwa sababu alisema hajawahi kuona mtu akitiwa akili mchana kweupe.

Flopi ikakwaruza. Maandishi yakaanza kushuka kwenye skrini kwa kasi, mistari mia, labda mia mbili, na hakuna aliyeweza kuisoma. Yugu akatoa macho.

"Inasema nini?"

"Inajitambulisha," Hawah akasema. "Inahesabu viungo vyake. Kitabu inasema tuiache imalize."

Ikamaliza. Ikauliza kuhusu kuigawa diski kubwa ya ndani katika vipande, na ikaonya kwamba chochote kilichomo kitapotea milele. Je, una hakika? Hawah akaisoma mara ya pili. Alikuwa amekwisha kupoteza nyumba, mji na mume, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomuuliza kwanza. Akabonyeza herufi ya ndiyo.

Ilipofika wakati wa neno la siri, kibodi ikaonekana imekufa. Hawah akapiga herufi, hakuna kilichotokea kwenye skrini. Akapiga kwa nguvu zaidi. Yugu akaichomoa kibodi, akaipuliza, akaigeuza juu chini, punje za sukari na mguu wa mende vikaanguka. Akairudisha. Bado hakuna kitu. Ni Hajara aliyeuliza, huku akimimina chai:

"Kama ni neno ya siri, kwa nini ionekane?"

Wakatazamana. Wakafungua kitabu. Kitabu kikakubaliana na Hajara.

Mashine ikataka ipewe jina, Hawah akaiita koboko. Baada ya saa mbili na nusu na dumu moja la petroli, skrini ikasafishika, ikabaki na maneno mawili tu juu, *koboko login*, yaani ingia, na kistari kidogo kikipepesa kama jicho. Yugu akapiga makofi. Hawah aliketi tu akikitazama kile kistari, mikono mapajani, na Hajara akasema baadaye kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwona dada yake akiiacha mikono bila kazi tangu mwaka wa sabini na tisa.

Walijaribu pia kuiwekea picha na panya. Kitabu kilionya kwamba skrini ikipewa namba zisizo zake inaweza kuungua, na kikataka wajue namba hizo, ambazo hakuna aliyezijua. Wakakisia. Skrini ikapiga mluzi mwembamba kama wa mbu mwenye hasira, Yugu akaruka na kuchomoa waya ukutani. Wakakubaliana kwamba picha ni anasa. Hawah hata hakusikitika. Skrini nyeusi yenye herufi ilimtosha. Taipureta haikuwahi kumwonyesha picha ya mtu yeyote.

Kilichomtesa wiki ya kwanza ni ile programu ya kuandikia. Aliweza kuingia, hakuweza kutoka. Kila alichobonyeza kiliandikwa au kilifuta. Akazunguka ndani mle asubuhi nzima huku wateja watatu wakingoja barazani.

"Pale kizuizi ya Kaya mpakani mutu alikuwa anatoa sigara mbili anapita," akafoka. "Hii inataka nini?"

Ilitaka kitufe cha kona ya juu kushoto, kisha nukta mbili, herufi ya *q* na alama ya mshangao. Iliandikwa ukurasa wa mia mbili na kumi. Aliinakili kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya mashine, ambako wateja wengi waliidhania kuwa hirizi.

Kazi ya kweli ya kwanza aliileta Mzee Lomoro. Lomoro alikuwa askari wa zamani kutoka Kuluba, na sasa mwenyekiti wa chama cha wakulima wa muhogo waliotaka kusajiliwa. Ofisi ya wilaya kule Arua ilikuwa imeirudisha katiba yao mara mbili kwa sababu ya makosa. Kwa taipureta kila kosa lilimaanisha kuanza ukurasa upya, na Lomoro alikuwa mtu wa kubadili mawazo. Kifungu cha saba kilihusu muda wa mwenyekiti. Jumatatu kilisema miaka miwili. Jumatano kilisema mitano. Ijumaa kilisema "mpaka wanachama wachoke", na Hawah akakataa kukipiga.

"Mzee, ofisi itauliza nani atapima uchovu."

"Andika tatu basi."

"Tatu. Na hii mashine, ona, nabadilisha neno moja tu, zingine zote zinakaa kimya."

Lomoro akainama kutazama. Miaka mitano ikawa mitatu bila karatasi hata moja kuchanwa. Mzee huyu alikuwa ameshuhudia mapinduzi, lakini lile lilimfanya avute kiti. "Rudisha miwili," akasema. Ikarudi. "Weka tano." Ikawa mitano. Hawah akamwondolea kiti.

Walitakiwa kuwa Arua Ijumaa inayofuata na nakala sita. Siku ya Jumatano Hawah akaunganisha printa, ile yenye meno ya sindano inayolia kama mtu anasaga mifupa, akatoa amri ya kuchapa. Mstari wa kwanza ukatoka vizuri. Wa pili ulianzia pale wa kwanza ulipoishia, lakini chini yake. Wa tatu ulianzia pale wa pili ulipoishia. Maneno yakashuka kama ngazi kutoka kushoto kwenda kulia, yakafika ukingoni, na vifungu vyote vilivyobaki vikajazana pale mwisho wa karatasi, herufi juu ya herufi, doa jeusi tu.

Lomoro akashika karatasi kwa mikono miwili.

"Katiba yangu inateremka mlima."

"Kaa, Mzee."

"Hii iko kazi ya majirani wetu wa Lurujo. Hawataki tusajiliwe."

"Watu wa Lurujo hawajui hata kama una chama. Kaa."

Yugu akaifungua printa, akasafisha, akafunga. Ngazi ile ile. Siku ya Alhamisi Hawah akampigia Celestino kutoka kibanda cha simu cha redio, akamweleza, na kupitia mikwaruzo akasikia akicheka.

"Mama, nilikuambia kitu ya bure iko namna hiyo! Lete mashine. Miezi miwili."

Alirudi barazani amenuna. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo akaivuta taipureta yake ya zamani, ile ya 1979, na kuanza kupiga katiba upya kwa mkono, kurasa kumi na moja, nakala kwa karatasi ya kaboni. Alifika mwisho wa mstari wa kwanza. Mkono wake wa kushoto ukanyanyuka wenyewe, kama ulivyonyanyuka mara milioni, ukasukuma ule mkono wa chuma wa pembeni. Karatasi ikapanda mstari mmoja, na behewa linalobeba karatasi likarudi mwanzo kwa kishindo na kengele.

Akasimama hapo hapo. Akasukuma tena, polepole safari hii, akiangalia. Kusukuma kumoja, lakini mambo mawili. Karatasi ilipanda. Behewa lilirudi. Mambo mawili tofauti kabisa ambayo mkono wake ulikuwa ukiyafanya kama moja tangu akiwa msichana.

"Yugu!" akaita. "Yugu, njoo! Hii printa inapandisha karatasi lakini hairudi nyumbani!"

Yugu akaja na bisibisi mkononi.

"Mashine inaambia printa jambo moja tu," Hawah akasema, akimwonyesha kwa taipureta. "Inasema: shuka. Haisemi: rudi mwanzo. Sasa printa inashuka palepale imesimama. Siyo uchawi, siyo Lurujo. Ni adabu ya mstari, basi."

Walikishambulia kitabu kutoka nyuma, kwenye orodha ya maneno, kwa sababu sasa walijua wanatafuta nini. Kilikuwepo. Ukurasa mmoja mzima ulieleza jambo hilo hilo, na hata jina lake lilikuwa "ngazi". Dawa ilikuwa amri ya mistari miwili iliyoongeza alama ya kurudi mwanzo kila mwisho wa mstari kabla maneno hayajafika kwenye printa. Hawah akaipiga. Akakosea mara moja, akarekebisha. Printa ikalia, ikasaga mifupa yake, na katiba ya wakulima wa muhogo wa Kuluba ikatoka imenyooka kama gwaride, nakala sita, kila mstari ukianzia nyumbani kwake.

Ijumaa afisa wa wilaya aliisoma, akaigeuza, akaitafutia kosa kwa bidii, akagonga muhuri. Lomoro alitoka ofisini amevaa uso wa mtu aliyepandishwa cheo. Hawah alipita kwa Celestino akiwa na nakala moja mkononi. Hakusema kitu cha kumkera. Alimwonyesha ukurasa, akamweleza habari ya mambo mawili, kupanda na kurudi, na Celestino akasikiliza, akauliza swali moja la maana, kisha la pili. Kwa mara ya kwanza alimwita Mwalimu. Ila alijirudi haraka akasema kwamba hata hivyo haina picha.

Kwa miezi mitano baada ya hapo Hawah alikuwa na kiburi kisichovumilika. Mimi nilikuwa mteja wake wakati huo na naweza kuapa. Na kiburi hicho kilikuwa na jina: root. Katika Linux, root ndiye mkuu wa mashine, anayeweza kufanya lolote bila kuulizwa. Kitabu kilisema kwa herufi nzito kwamba mtu asifanye kazi za kila siku kama root; ajipe jina la kawaida, amwachie root matengenezo tu. Hawah aliisoma sehemu hiyo akafungua kurasa mbili mbele.

"Maisha yangu yote nimekuwa jina la kawaida," alimwambia Yugu. "Hapa nitakuwa mkuu."

Alasiri moja alitaka kufuta barua chache za zamani. Akaandika amri ya kufuta, na kwa haraka, mteja akiwa amesimama mlangoni, kidole gumba kikagusa kitufe cha nafasi mahali pasipofaa. Nafasi moja tupu, na amri ya kufuta barua chache ikawa amri ya kufuta kila kitu. Mashine haikumuuliza kama ana hakika. Mkuu amesema. Diski ikaanza kunguruma, ikaendelea kunguruma, na Hawah alipotambua akachomoa waya, kulikuwa hakuna barua, hakuna katiba, hakuna mfumo. Alipoiwasha tena ilikuwa kama siku ile ilipoachwa na shirika.

Hakumkaripia mtu, na hilo ndilo lililomtisha Hajara. Aliingia ndani akafunga mlango. Hajara alimsikia akilia kwa sauti ya chini, kilio cha mtu aliyejiudhi mwenyewe. Humo ndani kulikuwa na wosia wa watu, maombi ya ardhi, barua za wajane wa askari, kazi ya miezi mitano, na kila mmoja wao alikuwa amemwamini.

Asubuhi akatoka, ameosha uso, akatembea nyumba kwa nyumba. Hakutuma mtu. Aliwaambia wenyewe: nimefuta, ni kosa langu, kama una nakala ya karatasi niletee nitaiandika upya. Wengine walimtukana. Mjane mmoja alimpa ndizi. Nakala zikaanza kuja barazani, zimekunjwa, zina mafuta, moja imetafunwa na mbuzi upande wa saini.

Jumamosi akaweka flopi, akaweka CD, na Yugu akawasha jenereta. Alikuwa amekileta kitabu lakini alikiacha kwenye kiti. Aligawa diski, akaipa jina, akaipa neno la siri, akarekebisha printa, yote kutoka kichwani, na petroli ilibaki nusu dumu. Kitu cha kwanza alichofanya baada ya hapo ni kujifungulia jina la kawaida, *hawah*, kwa herufi ndogo. Akaingia kwa jina hilo akaanza kupiga chapa barua za watu, moja baada ya nyingine. Ilimchukua wiki saba.

Wanawake watatu walijifunza kwake kabla ya mwaka 1999 kwisha. Mmoja alikuwa Mindra, karani wa shule huko Omugo, aliyepata kompyuta kuukuu kutoka kwa mjomba. Hawah alimnakilia flopi, akamwazima CD ya pengwini kwa masharti makali kuliko ya mkopo wa ng'ombe, akamwambia asimpigie simu mpaka awe amesoma kurasa mia za kwanza. Baada ya mwezi CD ikarudi na dereva wa lori, imefungwa kwenye karatasi iliyochapwa kwa mashine ya Omugo. Mindra aliandika kwamba mfumo umewaka, kwamba amelia, kwamba mume wake anadhani ameingiwa na wazimu.

Hawah akaisoma mara mbili, akatabasamu. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha makosa kumi na manne, na kuirudisha kwa dereva yule yule kabla hajamaliza chai yake.